Baka Lisilouma

Maradhi yaliyo mengi hupiga hodi kabla ya kuingia nyumbani. Homa ya malaria, kabla haijamwangusha mtu, humpa kwanza miayo na uchovu. Viungo humlegea, chakula humchukiza, na jua la saa sita humtia baridi. Bibi zetu walizijua ishara hizi pasipo kwenda shule, nao wakimwona mtoto ameacha mchezo na kujikunyata penye jua, walisema, "Huyu ana homa inakuja," wala hawakukosea mara nyingi. Methali yatuambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nasi tumeizoea hata twadhani kwamba mawingu yote hufanana, na kwamba mwenye macho hawezi kukosa kuyaona. Mwezi huu twapenda kuandika juu ya wingu moja lisilofanana na wingu, maana tumeliona karibu, shuleni petu na nyumbani mwa jirani zetu.

Tuanze na yale yaliyo mepesi. Surua, kabla vipele havijatoka, huja kwa homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu, kama mafua tu. Mwaka wa 1896 mganga mmoja wa New York, jina lake Henry Koplik, aliandika kwamba ndani ya mashavu ya mtoto huyo, karibu na magego, huonekana vidoadoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, navyo hutangulia vipele kwa siku moja au mbili. Ni ishara ya kweli. Walakini tangu siku nne kabla ya vipele mtoto amekwisha kuwa na nguvu ya kuwaambukiza wenzake, hata hodi hii yamfaa jirani kuliko mwenye nyumba. Na kinga ya surua ni chanjo, si kuchungulia vinywa vya watoto.

Kichaa cha mbwa ni kigumu zaidi. Mtu aumwapo na mbwa mwenye kichaa, kidonda chaweza kupona kabisa hata akasahau. Baada ya miezi miwili au mitatu, pengine mapema kuliko hapo na pengine karibu mwaka, mahali palipoumwa huanza kumchonyota na kumwasha, akapata homa kidogo na wasiwasi asioujua sababu yake. Hizo ndizo dalili za kutangulia. Lakini zikishaonekana, mlango umekwisha kufungwa, na karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mtu mwenye akili hangojei dalili hapa. Jino la mbwa lenyewe ndilo dalili. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mtu akimbizwe hospitali akachanjwe. Njia hii ya kumchanja mtu baada ya kuumwa ilianzwa na Louis Pasteur mjini Paris mwaka wa 1885, nayo huokoa watu hata leo, ikiwa wamewahi.

Tumeyataja haya mawili ili msomaji aone kwamba nafasi iliyopo kati ya hodi na kuingia si moja kwa maradhi yote. Kwa surua ni siku chache. Kwa kichaa cha mbwa hakuna nafasi hata kidogo. Lakini uko ugonjwa unaotupa nafasi ya miezi mingi, pengine ya miaka, nao umesimama mlangoni ukionekana na kila mtu; na ajabu ni kwamba huu ndio unaotupita mara nyingi. Twasema habari za ukoma.

Kidudu cha ukoma kilionwa mara ya kwanza na mganga Gerhard Armauer Hansen, huko Bergen katika nchi ya Norwei, mwaka wa 1873. Kabla ya hapo waganga wakubwa, na miongoni mwao Danielssen, aliyekuwa mkwe wake Hansen mwenyewe, waliamini kwamba ukoma hurithiwa katika ukoo kama rangi ya macho. Msomaji asiwacheke, maana hata leo twasikia kijijini watu wakisema, "Ukoo ule una ukoma." Sababu ya kukosea kwao ni hii, kwamba kidudu hiki ni mvivu kupita kiasi. Viko vidudu vingine ambavyo kimoja hujigawa kuwa viwili chini ya saa moja. Hiki huchukua kama wiki mbili. Tangu siku kilipoingia mwilini mpaka ishara ya kwanza kuonekana, hupita kwa kawaida kama miaka 5, na pengine 20 au zaidi. Nani akumbukaye miaka 20 iliyopita alikaa chumba kimoja na nani? Basi watu huona tu kwamba baba alikuwa nao na sasa mwana anao, wakasema ni damu. Kumbe hupita kwa matone ya pua na kinywa cha mtu mwenye ukoma asiyepata dawa, kwa wale wanaokaa naye karibu kwa muda mrefu. Tena miili ya watu walio wengi sana hukishinda kidudu hiki pasipo wao kujua.

Nacho hupenda mahali pa mwili penye ubaridi kidogo: ngozi, pua, masikio, na ile mishipa ya fahamu ipitayo karibu na ngozi, penye kiwiko, penye goti na penye kifundo cha mguu. Hapo ndipo penye hila yake. Mwizi mzoefu, atakapo kuiba katika nyumba yenye mbwa, huanza kwa kumnyamazisha mbwa. Ukoma nao huanza kwa mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo ipelekayo habari za maumivu, moto na baridi. Baka hutokea juu ya ngozi, jeupe kidogo kuliko mwili au jekundu kidogo. Haliwashi. Haliumi. Aghalabu hukauka lisitoe jasho, na vinyweleo vyake hupungua. Ukiligusa limekufa ganzi. Mtu hutazama kama kuna kitu kilichoongezeka mwilini mwake, hali dalili yenyewe ni kitu kilichoondoka.

Katika kijiji kinachopakana na chetu yuko mzee mmoja ambaye zamani alikuwa msusi wa vikapu. Vidole vya mkono wake wa kulia vimekunjamana kama kucha za kipanga, na viwili vimekwisha kuwa vifupi. Ukoma umemtoka miaka mingi, maana alipata dawa akazimaliza. Ila vidole haviwezi kurudi. Siku hizi hukaa barazani akiwafundisha wajukuu kusuka kwa kuwaambia tu, "Pitisha juu, sasa chini." Alituruhusu kuyaandika haya bila kumtaja jina. Akatuambia hivi: "Walimu wangu, nilipokuwa kijana nilikuwa nikiokota kaa la moto kwa vidole nikawashia tumbaku, na vijana wenzangu wakikusanyika kutazama. Walisema nina dawa ya moto. Nami nilinyamaza, maana nilipenda wanione hivyo. Baka lilikuwa hapa juu ya mkono, kubwa kama kiganja, wala sikupata kulifikiri hata siku moja."

Tumeyarudia maneno haya mara nyingi sisi kwa sisi. Sisi sote tumelelewa kumsifu mtu asiyelia kwa maumivu. Mtoto akijikata, twamwambia, "Jikaze." Mvulana arudiye kutoka jandoni asipigwe kelele ndiye tumpaye kuku. Hatusemi kwamba desturi hii ni mbaya. Lakini inatufanya tushindwe kumtenganisha mtu asiyeogopa maumivu na mtu asiyeyasikia. Yule wa kwanza ana moyo. Yule wa pili ni mgonjwa.

Yuko mtu wa sifa kubwa zaidi aliyepata habari zake kwa njia hiyo hiyo. Padre Damien, Mbelgiji, alikwenda kisiwa cha Molokai katika visiwa vya Hawaii mwaka wa 1873, mwaka ule ule wa Hansen, akakaa na watu wenye ukoma waliokuwa wametengwa huko, akiwajengea nyumba, akiwafunga vidonda na kuwazika. Mwezi wa Desemba 1884 aliingiza mguu katika maji ya moto sana, ngozi ikafanya malengelenge, naye hakusikia kitu. Alielewa mara moja, kwa kuwa aliishi katikati ya watu waliomfundisha maana ya jambo hilo. Wakati ule dawa haikuwapo, naye akafa Aprili 1889. Tofauti kati yake na msusi wetu haikuwa macho wala akili. Damien alijua kwamba kutosikia ni habari.

Baada ya hapo alitokea Paul Brand, mganga Mwingereza aliyezaliwa India na kurudi huko mwaka wa 1946, kufanya kazi Vellore. Watu wote walidhani kwamba vidole vya wenye ukoma huoza na kudondoka kwa ugonjwa wenyewe. Yeye alichunguza akaona kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokana na majeraha yasiyosikika: mpini uliomchubua mtu siku nzima, sufuria ya moto, msumari ndani ya kiatu. Hata panya waliwatafuna vidole usiku wakiwa wamelala, nao hawakuamka. Ikawa wagonjwa wakienda kwao hupewa paka. Twapenda sana habari hii ya paka. Ni dawa rahisi, na aliyeifikiri alikuwa amekaa usiku kucha akijiuliza kidole kimekwenda wapi.

Sasa twaja kwa mtoto wetu. Alikuwa msichana wa Darasa la Tano, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote, naye alikuwa akiishi kwa bibi yake kwa kuwa wazazi wako mjini. Siku moja, wakati wa uji, alikuwa akisaidia kushika sufuria kubwa ya shule, na mkono wake wa kushoto, karibu na kiwiko, ukaegemea ubavu wa sufuria. Wenzake walipiga kelele kabla yeye hajageuka. Ngozi ilikwisha kufanya lengelenge. Mmoja wetu, aliyezoea kukaa barazani kwa yule mzee, alimwita kando akamwuliza, "Mwanangu, hukusikia moto?"

"Sikusikia, Mwalimu," akajibu, tena kwa furaha kidogo. "Hapa huwa sisikii kitu. Hata miiba."

Kulizunguka lile lengelenge palikuwa na baka, upana wake kama kifuniko cha chupa ya chai. Jioni ile tulikwenda wawili nyumbani kwao. Tulikaribishwa viti, tukamwamkia Bibi, naye akaitika kwa uzuri. Mjomba wa mtoto alikuwapo pia. Tulipoeleza habari ya uji, Bibi alicheka.

"Baka hilo nalijua, wanangu. Lina misimu miwili ya mvua. Haliwashi, haliumi, wala halimzuii kuchota maji. Ugonjwa gani huo usiouma? Nyinyi wasomi mwatafuta maradhi kwa taa."

Lakini mjomba hakucheka. Alisema polepole, "Walimu, mkilitamka neno hilo hapa, mmetufungia nyumba. Nina mabinti wawili wa kuolewa."

Angalieni jambo hili, wasomaji. Sisi hatukuwa tumelitaja neno lolote. Yeye ndiye aliyelisikia pasipo kusemwa, na twaamini kwamba alikuwa amelisikia ndani yake tangu msimu wa kwanza wa mvua. Watu husema kwamba vijijini ukoma huchelewa kutambuliwa kwa sababu ya ujinga. Ujinga upo, lakini si huo tu. Mara nyingi yuko mmoja katika nyumba ambaye ameshuku, naye amenyamaza kwa ajili ya kuwapenda walio hai: harusi isivunjike, mtoto asiachwe kukaa peke yake kwenye dawati, watu wasiache kununua maandazi ya mama. Hofu hiyo haina upumbavu ndani yake. Ina hesabu, ila hesabu yenyewe imekosewa, kwa sababu mkono uliokunjamana hutangaza kwa sauti kuliko walimu wawili.

Tulimjibu hivi: "Baba, sisi si waganga, wala hatujui jina la baka hili. Pengine ni choa tu. Tunalosema ni moja, kwamba mkono haukusikia moto."

Pakawa kimya. Ndipo Bibi akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Aliuvuta mto wake, akachomoa kipande kidogo cha sufi kwenye mshono, akakisokota kwa vidole mpaka kikawa kama unyoya. Akamwita mjukuu wake, akamwambia afumbe macho, na kila atakapoguswa aonyeshe mahali kwa kidole. Akamgusa kwenye paji la uso, mtoto akaonyesha. Akamgusa mkono wa kulia; akaonyesha, akicheka, maana ilimtekenya. Kisha akaligusa baka, upande usiokuwa na lengelenge. Akaligusa mara ya pili. Akaligusa mara ya tatu, akiuzungusha ule unyoya taratibu. Mtoto alikaa vivyo hivyo, macho amefumba, kidole kimeinuliwa tayari. Mwisho akasema, "Bibi, mbona huanzi?"

Jumatatu yake Bibi mwenyewe alimpeleka hospitali ya wilaya.

Yatupasa kusema kwamba mtoto huyu alikuwa amekwisha kupelekwa zahanati mara mbili kabla ya siku ile, na mara mbili alipewa dawa ya kupaka ya choa. Hatutataja ni zahanati gani, wala hatumlaumu kwa ukali mtu mwenye foleni inayofika mlangoni. Mabaka ni mengi duniani. Yako mashilingi, ambayo huwasha na kutoa magamba; iko mbalanga, ambayo ni nyeupe kabisa kama maziwa na ngozi yake husikia vizuri; yako madoa ya kuzaliwa nayo, na yale mabaka hafifu ya usoni mwa watoto ambayo hutoweka yenyewe. Yote haya husikia unyoya. Aliyelitazama baka la mtoto huyu alilitazama kwa macho tu, na macho peke yake hayatoshi. Kipande cha pamba hakina bei, na kazi yake haichukui dakika mbili. Hilo twalisema kama lawama.

Hospitalini walifanya mengine zaidi. Walimpapasa nyuma ya kiwiko, mahali pale ambapo mtu akijigonga husikia kama cheche hata kidole cha mwisho, kuona kama mshipa umenenepa. Wakampapasa shingoni na nyuma ya goti. Wakamwambia atanue vidole na kuvibana, akunje kifundo cha mkono, afumbe macho kwa nguvu. Wakachukua majimaji kidogo ya ngozi ya sikio kuyatazama kwa hadubini. Kisha wakalitaja jina, kwa upole, mbele ya Bibi na mtoto peke yao. Ilikuwa ukoma, wa aina ya mabaka machache.

Wengi wa wasomaji wetu waliokwenda shule ya Jumapili hushtuka walisikiapo neno hili, maana hukumbuka Mambo ya Walawi, mlango wa 13, na watu waliokaa nje ya marago. Yafaa kukumbuka kwamba neno la Kiebrania lililo katika mlango ule lina mambo mengi ndani yake, hata ukungu wa nguo, na mlango unaofuata hutaja kuta za nyumba. Wataalamu wengi hudhani kwamba ugonjwa ule si huu wetu, au kwamba huu ulikuwa mmoja tu kati ya mengi yaliyoitwa kwa jina lile. Basi mtu asimhukumu jirani yake kwa mlango ule. Lakini liko jambo moja humo tulilolipenda siku zote: kuhani hakuambiwa atoe neno lake upesi penye mashaka. Aliambiwa atazame, angoje siku saba, kisha atazame tena.

Dawa za siku hizi ni tatu zinazotumiwa pamoja, kwa muda wa miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, na miezi 12 kwa mwenye mengi. Shirika la Afya Duniani lilianza kushauri kuchanganya dawa namna hii mwaka wa 1981, maana dawa moja peke yake ilikuwa imeanza kushindwa na vidudu. Na tangu 1995 hutolewa bure ulimwenguni kote. Sehemu ya kila mwezi humezwa mbele ya mtumishi wa afya. Mkojo hugeuka mwekundu siku ile, jambo ambalo latisha mtu asiyeambiwa. Tena mgonjwa akishaanza dawa huacha kuambukiza wengine. Hakuna haja ya kumtenga, wala ya kumtengea kikombe. Mtoto wetu hakukosa shule ila siku za kwenda kuchukua dawa.

Lakini dawa hizi huua vidudu; hazifufui mshipa uliokufa. Hapa ndipo wakati unapokuwa mali. Mshipa uliodhoofika chini ya miezi 6, mganga aweza kujaribu kuuokoa kwa dawa nyingine ya kutuliza uvimbe wake, na mara nyingi hufaulu. Uliokwisha kufa miaka mingi, haurudi. Mzee wa vikapu na msichana wa Darasa la Tano walipata ugonjwa mmoja, na wote wawili walipona; aliyewahi ana mikono yake. Baka lake limefifia, ila pale katikati unyoya hausikiki mpaka leo, naye ameambiwa autazame mkono huo kila jioni kwa macho, kwa kuwa ngozi haitamwambia kitu. Tumemwona akifanya hivyo baada ya kupika, akiugeuza mkono penye mwanga wa mlango, kama mtu asomaye barua.

Mtu asidhani kwamba twaandika juu ya jambo lililokwisha. Mwaka wa 2023 walihesabiwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 duniani, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo bado zina wagonjwa wapya kila mwaka. Wahesabuji wa mambo haya huwaangalia watoto kwa namna ya pekee: mtoto akionekana mara ya kwanza na mkono uliokwisha kulemaa, hiyo ni alama kwamba watu waliomzunguka, sisi walimu tukiwamo, walichelewa. Tena mwalimu humwona mtoto kila siku, mikono yake na nyayo zake, na huona nani ameangusha kalamu mara nyingi kuliko zamani, nani amevaa kandambili akiiacha nyuma asijue kwamba imemtoka mguuni. Mganga humwona mara moja kwa mwaka, akimwona.

Iko kazi moja iliyobaki mtu mmoja akionekana kuwa na ukoma, nayo ni kuwatazama wale anaolala nao chumba kimoja na kula nao. Tangu mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani hushauri pia wapewe dawa ya rifampisini, kipimo kimoja tu, kupunguza hatari ya wao kuugua. Na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu njia hii kabla ya hapo. Basi mtumishi wa afya alikuja nyumbani kwa Bibi, naye mjomba ndiye aliyemwongoza njia. Waliitwa wote, mabinti wawili wa kuolewa, watoto wadogo, na Bibi mwenyewe, ambaye alivua ushungi akasema aanzwe yeye. Kila mmoja alitazamwa mgongo na mapaja, mikono na nyayo. Mvulana mmoja wa miaka saba alikutwa na baka chini ya bega, jeupe jeupe. Nyumba nzima ilinyamaza. Mtumishi alitoa pamba, lakini Bibi alikwisha kuleta sufi yake. Mtoto akafumba macho, akaguswa, akaonyesha. Akaguswa tena pembeni, akaonyesha. Mara ya tatu akaushika mkono wa Bibi yake kabla haujamfikia, akasema kwamba inamtekenya. Ilikuwa choa. Akapewa dawa ya kupaka, akaenda zake kucheza mpira.